Ana Kazi, Hana Kazi: Neno "underemployed" na Taabu Yake kwa Mfasiri

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wafasiri, wahariri wa habari na wanafunzi wa lugha. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti, wahariri, wafasiri, na nyinyi wanafunzi mliojazana viti vya nyuma kana kwamba hapa mbele panavuja, hamjambo.

Neno la leo ni moja tu. "Underemployed." Litamkeni polepole: lina silabi nne. Ukiimeza ile ya pili unabaki na "unemployed", na hapo ndipo ajali inapoanzia. Mchukueni mhariri wa zamu ya usiku. Ni saa tano kasorobo, ukurasa unafungwa saa tano, na habari imeingia kutoka Washington. Inasema wasio na kazi wamepungua, na "underemployed" wameongezeka. Macho yamechoka, yanaona neno lile lile mara mbili. Kesho yake msomaji anaambiwa kwamba wasio na ajira wamepungua na wasio na ajira wameongezeka, anakunja gazeti, anafungia maandazi.

Mnacheka. Nani hapa yuko tayari kuapa kwamba hilo halijamtokea?

Lakini kosa hilo la haraka si kubwa. Anayesoma mara ya pili analiona. Kosa kubwa ni la yule anayelijua neno, anayejua kabisa kwamba si "asiye na kazi", akachagua tafsiri moja, akaikariri, akaitumia kila mahali. Maana Mwingereza analitumia neno hili kwa malalamiko tofauti kabisa, na wala hasemi analalamikia lipi. Anamwachia msikilizaji ajue mwenyewe.

Tuanze na kitenzi. Kiingereza kilikichukua "employ" kwa Wafaransa, nao walikirithi kwenye Kilatini, implicare, kukunjia ndani, kuhusisha. Hadi leo kina mikono miwili. Mkono mmoja unampa mtu kazi. Mkono wa pili unatumia kitu: kwa Kiingereza mtu anaweza ku-"employ" mbinu, nyundo, hata methali. Sasa tangulizeni "under". Kiambishi hiki mnakijua: "underpaid" ni aliyelipwa pungufu, "undercooked" ni wali wenye kiini. Vikiungana, tunapata mtu aliyepewa kazi pungufu, au mtu aliyetumiwa pungufu. Yote mawili yamo, na Mwingereza haoni sababu ya kuyatenganisha.

Na sisi je? Sisi tuna ajiri, neno lililokuja kwa Kiarabu, nduguye ujira. Ndani yake kuna malipo na kuna mwajiri. Hatuajiri nyundo. Hatuajiri methali. Ndiyo maana ukiandika "aliyeajiriwa pungufu" msomaji anakodoa macho: pungufu ya nini? Ya mshahara? Ya siku? Na hiyo -wa yetu inaleta swali jingine: ameajiriwa pungufu na nani? Kwa Kiingereza swali hilo halizuki. Neno lao limekaa kama sifa ya mtu, kama kusema fulani ni mrefu. Ni nadra mno kusikia mtu akisema kampuni fulani "ime-underemploy" mtu. Mtendaji amefichwa, na neno limezoea kumficha.

Mkitaka kuuona ule mkono wa pili ukifanya kazi peke yake, nendeni kwenye kurasa za michezo za Uingereza. Timu ya nyumbani imeshinda mabao manne kwa nunge, wageni hawakuvuka mstari wa kati zaidi ya mara mbili tatu. Mwandishi anasema golikipa wa nyumbani alikuwa "underemployed". Golikipa huyo ana mkataba mnono na mshahara wake unaingia kila wiki! Hakuna mtu anayemhurumia. Ila dakika tisini zile hakutumika. Mtangazaji wetu wa redio angesema kipa alikuwa mtazamaji aliyepata kiti kizuri, na angekuwa amefasiri vizuri kuliko kamusi nyingi.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye wepesi. Sasa twende penye uzito.

Fikirini meza moja katika mgahawa wa Columbus, Ohio, mji wenye jamii kubwa ya Wasomali, baadhi yao wakiongea Kiswahili walichotoka nacho Kenya. Zamu imeisha, watu watatu wamekaa. Wa kwanza ni mhudumu wa mgahawa huo huo. Anapewa saa 22 kwa wiki, anataka 40. Wa pili ni kijana mwenye shahada ya historia. Anakoroga kahawa saa 40 kwa wiki, zimetimia. Wa tatu ni mama mfamasia aliyesomea Dar es Salaam. Naye anafanya saa 40, akipanga masanduku ya dawa kwenye rafu za duka ambalo kwa elimu yake angekuwa nyuma ya kaunta. Waulizeni kwa Kiingereza: kazi inaendaje? Mhudumu atasema "I'm underemployed". Kijana atasema hivyo hivyo. Mama atasema hivyo hivyo. Na wote watakuwa wamesema Kiingereza sahihi.

Wa kwanza analia saa. Wa pili analia elimu aliyoilipia bila kuitumia. Wa tatu analia leseni. Ili kurudi kaunta inambidi apitie mtihani wa wafamasia waliosoma nje, FPGEE, athibitishe Kiingereza chake kwa mtihani wa lugha kama TOEFL, atimize saa za mazoezi chini ya mfamasia mwenye leseni, kisha afanye NAPLEX, mtihani wanaoufanya wahitimu wa Kimarekani wenyewe. Kila hatua ina ada yake na muda wake, na kodi ya nyumba haisubiri. Kwa hiyo anapanga masanduku. Wanaoandika kuhusu uhamiaji huiita hali yake "brain waste", yaani akili inayomwagika bure.

Haya. Sasa anaingia mhesabuji wa serikali. Kila mwezi Ofisi ya Sensa ya Marekani, kwa niaba ya Idara ya Takwimu za Kazi, hupitia kaya zipatazo 60,000. Huuliza juu ya wiki moja maalumu, ile yenye tarehe 12 ya mwezi. Ulifanya kazi ya malipo japo saa moja wiki ile? Ndiyo? Basi una kazi. Saa moja, wapendwa. Saa moja tu inatosha kumtoa mtu kwenye orodha ya wasio na kazi.

Baadaye anaulizwa saa zake zote. Zikiwa chini ya 35, anaulizwa sababu. Mhudumu wetu anasema: nataka kazi ya muda wote, niko tayari, lakini bosi amepunguza zamu. Huyo anaandikwa miongoni mwa wanaofanya kazi ya muda kwa sababu za kiuchumi, na ataonekana kwenye kipimo kipana kinachoitwa U-6. Kijana wa historia je? Saa 40. Ana kazi, basi. Mama mfamasia? Saa 40. Ana kazi, basi. Idara yenyewe husema haitoi takwimu rasmi ya watu ambao ujuzi wao hautumiki, kwa kuwa ni vigumu kupata kigezo kisichoegemea maoni ya mtu.

Kwa hiyo kati ya watu watatu waliotamka neno moja, mhesabuji amemwona mmoja.

Ngojeni, meza haijajaa. Anaingia wa nne. Huyu ana vibarua vitatu: saa 15 ghala moja, saa 12 ofisi anayofagia usiku, saa 10 kuosha magari. Jumla 37. Hana bima ya kazini, hana likizo, anapanda mabasi matatu kwa siku. Rafiki zake wanamwita "underemployed" bila kufikiri mara mbili. Mhesabuji anajumlisha saa za kazi zote, zinapita 35, anamwandika mfanyakazi wa muda wote. Anaingia wa tano, mama mwenye saa 22 kama yule mhudumu wa kwanza. Anataka zaidi, ila hana wa kumwachia mtoto. Kukosa malezi ya mtoto huhesabiwa sababu isiyo ya kiuchumi. U-6 haimgusi. Wahudumu wawili, aproni zile zile, saa zile zile, mmoja yumo na mmoja hayumo!

Hapa naomba wahariri mnisikilize kwa makini. Magazeti ya Marekani hupenda kuiita U-6 kiwango cha "underemployment". Ni njia ya mkato, na ni mtego. U-6 imebeba makundi matatu: wasio na kazi kabisa wanaotafuta, waliokata tamaa au kusitasita wakaacha kutafuta karibuni ingawa wanataka kazi, na wale wa saa pungufu. Aprili 2020, korona ilipofunga maduka, takwimu zilizotangazwa zilisema ukosefu wa kazi ni asilimia 14.7 na U-6 ni asilimia 22.8. Mfasiri akiandika kwamba asilimia 22.8 ya Wamarekani walikuwa na kazi zisizotosha, amechukua wale wote wa 14.7, waliokuwa nyumbani bila kazi yoyote, akawagawia ajira kwa kalamu. Ukipata kiwango cha namna hii, ulizia kwanza: humu ndani wasio na kazi wamo au hawamo? Kama wamo, andika "wasio na kazi pamoja na wenye kazi pungufu". Ni ndefu, najua. Punguzeni picha.

Yuko mhesabuji mwingine, naye analitumia neno lile lile. Benki ya Hifadhi ya Shirikisho, yaani benki kuu ya Marekani, tawi la New York, hufuatilia wahitimu wa chuo kikuu, hasa wa miaka 22 hadi 27. Kwake "underemployed" ni mhitimu anayefanya kazi ambayo kwa kawaida haihitaji shahada. Na inajuaje kazi ipi inahitaji? Huangalia majibu ya wanaoifanya: kama angalau nusu yao wanasema shahada ni lazima, ni kazi ya shahada. Kama ni chini ya nusu, siyo. Kwa kipimo hicho wahitimu wapya huwa karibu asilimia 40. Msomaji wa Kiswahili akiambiwa tu kwamba asilimia 40 ya wahitimu wa Marekani "hawana ajira ya kutosha", ataona vijana wanazurura mitaani. Wengi wao hawazururi, wako kazini tangu asubuhi. Tena angalieni meza yetu: kijana wa historia, aliyekosekana kwa mhesabuji wa kwanza, huku yumo. Mhudumu, ambaye hana shahada, alikuwemo kule, huku ametoka.

Nchi nyingine nitazipitia haraka. Australia hutangaza kila mwezi kiwango cha wasio na kazi na cha "underemployed" bega kwa bega, na kipimo chao ni saa, kwa hiyo masikio ya huko yamezoea kusikia saa. Uingereza nayo huhesabu saa, lakini kwa mtu mzima mpaka umewekwa juu, saa 48 kwa wiki. Anayefanya saa 42 na kutaka nyongeza anaweza kuingia humo. Kule Columbus mtu wa saa 42 akisema "I'm underemployed", hakuna atakayedhani anataka saa zaidi. Watadhani ana shahada.

Tuache takwimu, twende mtaani, kwa sababu nimeombwa niongee Kiingereza cha kila siku. Huko swali kubwa ni hili: nani anasema?

Mwanamke mwenye shahada ya pili anakwenda kwenye usaili wa kazi ya mapokezi. Bosi anasoma wasifu wake, anaguna, anasema "you're overqualified". Anatoka nje, anampigia dada yake: nitabaki "underemployed" hadi lini? Mtu ni yule yule, asubuhi ile ile, elimu ile ile. Bosi anaona elimu imezidi. Yeye anaona kazi imepungua. Maneno haya mawili ni pande mbili za mlango mmoja, na ukiyafasiri yote kwa "hana kazi inayolingana na elimu yake" umeung'oa mlango. La bosi ni karibu na "umesoma mno kwa kazi hii", nalo mara nyingi ni namna ya adabu ya kusema sitakuajiri, maana utaondoka ukipata nzuri.

Halafu kuna adabu ya neno lenyewe. Mtu kujiita "underemployed" ni kujistahi. Anasema: nina kazi, si mvivu, na thamani yangu ni zaidi ya hiki mnachokiona. Kumwita mwenzako hivyo usoni ni jambo jingine. Umemwambia kazi yake haimtoshi, na hakukuuliza. Tena wapo wasio na kazi kabisa wanaolitumia kwa tabasamu la upande: "I'm a bit underemployed at the moment". Ukimfasiri huyo neno kwa neno umemnyang'anya mzaha wake, tena umempa kazi asiyo nayo. Yeye kwa Kiswahili angesema "nipo nipo tu", au "nabangaiza".

Na siku hizi limezaliwa pacha wa kinyume. Tangu watu waanze kufanyia kazi nyumbani wakati wa korona, "overemployed" limepata maana mpya: mtu mwenye ajira mbili za muda wote kwa siri, kompyuta mbili mezani, kila bosi akiamini yuko peke yake. Zamani neno hilo lilimaanisha tu anayefanya saa nyingi kuliko anazotaka. Msilikute kwenye makala ya mwaka huu mkadhani ni mtu aliyechoka.

Sasa, haya yote yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, kwa sababu dhana hii ilipita kwetu kabla haijawa wimbo wa wahitimu wa Marekani. Mwaka 1936 mwanauchumi Joan Robinson aliandika juu ya ukosefu wa kazi uliojificha. Mtu anafukuzwa kiwandani, anaanza kuuza viberiti barabarani London. Ukimtazama anafanya kazi, ila nguvu zake zinazalisha kidogo kuliko zamani. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ukatoa ripoti juu ya Kenya. Ulikwenda kuchunguza ukosefu wa ajira. Ukakuta watu wengi wanafanya kazi, tena kwa jasho, jua likiwawakia, na bado ni maskini. Ripoti ikasema hao, maskini walio kazini, ni tatizo kubwa kuliko wasio na kazi. Baada ya hapo wanatakwimu wa kazi wa dunia, waliokutana Geneva mwaka 1998, walilitenga lile la saa lisimame peke yake: mtu anataka saa zaidi, yuko tayari kuzifanya, na saa zake ziko chini ya kiwango kilichowekwa. Mengine, ya ujuzi na ya kipato, wakayaweka kapu la pembeni. Kwa hiyo ripoti ya ajira ya Tanzania au Kenya ikitaja "time-related underemployment", msijisumbue na wahitimu wala mishahara. Ni uhaba wa saa za kazi. Andikeni hivyo hivyo: uhaba wa saa za kazi.

Na Kiswahili cha mtaani kina mali hapa ambayo Kiingereza hakina. Deiwaka: ana leseni, anajua gari, lakini daladala si yake kwa mkataba. Anashikia siku mwenye zamu akiugua. Huyo ni wa saa. Kibarua: leo yupo, kesho haijulikani. Kazi ya kijungujiko: unaifanya siku nzima, saa 60 kwa wiki zinaweza kupita, na kinachopatikana kinaishia kwenye sufuria ya jioni. Huyo ni wa kipato, na kipimo cha saa hakimwoni kamwe. Kwa yule wa ujuzi hatuna neno moja la mtaani lililotulia, nami naona ni heri tuseme wazi, "anafanya kazi iliyo chini ya ujuzi wake", kuliko kufinyanga istilahi.

Kuna wanaopendekeza "ajira duni" kwa yote. Siafiki. Duni ni tusi kwa kazi yenyewe. Kukoroga kahawa si kazi duni, na yule mhudumu wa saa 22 anaipenda kazi yake, anachotaka ni saa 18 za juu yake. "Asiyeajiriwa ipasavyo" nalikubali, lakini mahali pamoja tu: pale mwandishi wa Kiingereza mwenyewe hakutaka kubainisha, kama kwenye hotuba ya mwanasiasa. Mafumbo kwa mafumbo. Likija na tarakimu ubavuni, likataeni, kwa sababu kila tarakimu ina mhesabuji wake, na mhesabuji anajua alihesabu nini. Mara nyingi jibu liko kwenye tanbihi chini ya jedwali, kwa herufi ndogo. Kama hakuna jedwali, tazameni neno lililo jirani. Likikaa na "hours" au "part-time", ni saa. Likikaa na "graduates", "degree" au "skills", ni ujuzi. Likikaa peke yake kinywani mwa mtu, muulizeni huyo mtu ni nani na anaongea na nani.

Tumalizie na sentensi moja ya mazoezi, mwandike kwenye karatasi zenu, kisha tusomeane. Mama mfamasia wa Columbus amefaulu mtihani wake wa mwisho, amepata leseni, na duka limempa kaunta, lakini kwa siku mbili tu za wiki, saa 16. Siku nyingine harudi tena kwenye masanduku. Anamwandikia dada yake Dar es Salaam: "Still underemployed, but differently." Wahariri mna dakika tano. Wanafunzi, kwa kuwa nyie hamjachoka, mna tatu.